Kuchagua Aina ya Mtufaha kwa Bustani ya Nyumbani Nyanda za Juu

Mtufaha ni mti wa nchi zenye majira ya baridi kali. Asili yake ni misitu ya milima ya Tian Shan, hasa upande wa Kazakhstan ya leo, ambako mtufaha mwitu uitwao kitaalamu Malus sieversii ungali unaota wenyewe. Huko majani hupukutika kila mwaka, theluji huanguka, na mti hulala miezi kadhaa kabla ya kuchanua. Mti huo ukiletwa Lushoto, Njombe, Limuru au Kabale, swali linalotangulia utamu wa tunda na rangi ya ganda lake ni la baridi: je, usiku wa mahali hapo unaweza kuulaza na kuuamsha?

Wengi huanzia mwisho wa safari. Hununua tufaha sokoni, hulipenda, huuliza jina lake, kisha hutafuta mche wenye jina hilo. Matufaha mengi yanayouzwa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi hutoka Afrika Kusini, ambako mashamba makubwa yako Ceres, Grabouw na Elgin katika jimbo la Western Cape, kwenye latitudo ya nyuzi 33 hadi 34 kusini mwa ikweta. Miezi ya Juni hadi Agosti huko ni kipupwe chenye mvua na baridi ya kweli, na milima ya Ceres hupata theluji. Granny Smith la kijani, Golden Delicious la njano, Gala, Fuji na Pink Lady ni matunda ya hali hiyo ya hewa. Isitoshe, yalipata umaarufu kwa sifa zinazomfaa mfanyabiashara: ganda linalostahimili safari ya meli, nyama isiyolainika upesi, na uwezo wa kukaa miezi mingi katika ghala la baridi. Mwenye miti miwili nyuma ya jiko hana haja na hata moja ya sifa hizo. Tunda lake litasafiri hatua ishirini.

Ili kuelewa kwa nini baridi ina uzito kiasi hicho, inafaa kuangalia macho ya tawi, yaani vile vinundu vidogo ambamo majani na maua ya msimu ujao yamejikunja. Macho ya maua huanza kutengenezwa ndani ya tawi msimu mmoja kabla ya kuchanua. Yakishakomaa, mti huyafungia kwa kemia yake wenyewe, na kufuli hiyo haifunguki kwa joto peke yake. Hufunguka baada ya mti kukaa katika baridi kwa muda fulani, ndipo joto likirudi macho yaamke kwa pamoja. Wataalamu wa matunda hupima muda huo kwa saa za baridi: kila saa ambayo joto liko kati ya nyuzi 0 na takriban 7 za Selsiasi huhesabiwa. Golden Delicious huhitaji saa 600 na zaidi. Anna, aina inayotajwa sana Afrika Mashariki, huridhika na saa 200 hadi 300, na Dorsett Golden na kama 100 tu.

Takwimu hizo ni mwongozo, na haifai kuzichukua kama kipimo cha dukani. Zilipatikana katika nchi ambako baridi huja na kukaa. Katika nyanda za juu za tropiki, usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 6 na mchana wa siku hiyohiyo ukapanda hadi 22. Joto la mchana hufuta sehemu ya kazi iliyofanywa na usiku, hivyo saa 300 za Njombe hazilingani na saa 300 za Ceres. Kwa upande mwingine, nyuzi 8 hadi 12 nazo husaidia kwa kiasi, ingawa hesabu ya kawaida haizitambui. Ndiyo maana jina la aina na idadi ya saa zake vikisomwa bila kuangalia kiwanja chenyewe huweza kumpoteza mtu kwa pande zote mbili.

Mti uliokosa baridi hujulikana kwa macho. Msimu wa kuchipua unapofika, ncha za matawi hutoa majani huku sehemu kubwa ya tawi ikibaki tupu, bila jani wala ua, toka shinani hadi karibu na mwisho. Maua hutoka kwa vipindi: mawili leo, matatu baada ya wiki mbili, mengine baada ya mwezi. Kwenye mti mmoja huonekana ua, tunda changa na tunda lililoiva kwa wakati mmoja, jambo linalopendeza wageni lakini ni dalili ya mti uliopoteza kalenda yake. Maua yanayotoka kidogokidogo hayachavushwi vizuri, na mti unaobeba majani mwaka mzima hauachi kulisha wadudu na kuvu. Wenye miti ya namna hii huambiwa waongeze mbolea. Samadi haiwezi kufanya kazi ya baridi. Naitrojeni nyingi huzidisha majani tu.

Kwa hiyo uchaguzi huanzia kwenye kiwanja. Kwa wastani joto hupungua kama nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za kupanda. Kutoka Mombo, chini ya milima ya Usambara, hadi Lushoto mjini ni kupanda takriban mita 1,000, sawa na kupoteza nyuzi 6 hivi. Kupanda zaidi hadi Magamba na Shume huongeza baridi nyingine. Chini ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari mtufaha ni mradi wa mashaka hata kwa aina zisizodai baridi nyingi, na mwenye kiwanja huko atapata heri zaidi kwa parachichi au embe. Kati ya mita 1,800 na 2,500 ndipo unapoanza kuwa mti wa maana. Ethiopia inatoa mfano mzuri: Chencha, katika milima ya Gamo kusini mwa nchi, ambako wamisionari walipeleka mitufaha katikati ya karne ya 20, iko juu zaidi ya mita 2,500, na imekuwa chimbuko la miche kwa wilaya nyingi.

Urefu peke yake hautoshi, kwa kuwa umbali kutoka ikweta nao una sauti. Njombe na Makete ziko karibu nyuzi 9 kusini. Kati ya Juni na Agosti kuna kiangazi chenye anga safi, na usiku usio na mawingu hupoteza joto haraka. Kwenye uwanda wa Kitulo jalidi hutokea na nyasi huamka nyeupe. Limuru iko nyuzi 1 tu kusini. Juni hadi Agosti huko ni miezi ya mawingu na manyunyu, watu huvaa makoti mchana kutwa, lakini tofauti ya usiku na mchana ni ndogo na nyuzi 7 hazifikiwi mara nyingi kama mwili unavyodhani. Baridi inayomtetemesha binadamu na baridi inayohesabiwa na mti si lazima ziwe moja. Aina inayofanya vizuri Makete haina dhamana ya kufanya vivyo hivyo Limuru, ingawa mji mmoja unaweza kuonekana wa baridi sawa na mwingine.

Hata ndani ya shamba moja pana tofauti. Hewa baridi ni nzito. Usiku hutelemka na kutuama mabondeni. Mti uliopandwa chini ya mteremko hupata saa nyingi za baridi kuliko ule wa kilimani, lakini huo wa bondeni ndio unaopigwa na jalidi ukiwa na maua. Mahali pasipo na jalidi, bonde lisilotuamisha maji ndilo chaguo. Mahali penye jalidi ya Agosti, katikati ya mteremko panafaa zaidi. Kipimajoto cha bei nafuu kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu cha siku, kikitundikwa kivulini kwenye kiwanja chenyewe kuanzia Juni hadi Agosti, hutoa habari ambayo hakuna muuza miche anayeweza kuitoa. Ikiwa usiku mwingi wa Julai unashuka chini ya nyuzi 7, mlango uko wazi kwa aina kadhaa. Ikiwa hauvuki chini ya 10, orodha inabaki na majina mawili au matatu.

Majina hayo ni Anna, Dorsett Golden na Ein Shemer. Anna ilizalishwa Israel katikati ya karne ya 20 kwa kuchanganya Golden Delicious na aina ya huko iitwayo Red Hadassiya, kwa lengo hasa la kupata tufaha la kuvumilia nchi ya joto. Tunda lake ni refu kiasi, limebanwa kuelekea kitako, jekundu juu ya njano, lenye utamu uliochanganyika na uchachu mwepesi. Huwahi sana kuiva: kwa kawaida miezi mitatu na kidogo baada ya kuchanua inatosha, wakati aina nyingi za biashara hudai miezi mitano au sita. Kwa nyanda zenye misimu miwili ya mvua, uharaka huo ni faida kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu tunda huweza kukomaa kabla mvua nyingine hazijaleta kuvu. Kasoro yake ni kwamba halihifadhiki. Likiachwa mtini siku chache kupita kiasi hulainika na kuwa la ungaunga, na katika joto la chumba lina wiki moja hivi ya ubora wake.

Dorsett Golden haikuzalishwa na mtaalamu. Ilionekana ikiota Nassau, visiwa vya Bahamas, mahali ambapo hakuna mtu angetarajia mtufaha uzae, na ndiyo maana mahitaji yake ya baridi ni madogo mno. Tunda ni la njano lenye wekundu hafifu upande wa jua, dogo kuliko Anna, tamu, na hudumu muda mfupi vilevile. Thamani yake kubwa nyumbani ni kuwa mwenza wa Anna, kama itakavyoelezwa. Ein Shemer, nayo ya Israel, ni mtoto wa Golden Delicious na Zabidani. Tunda lake ni la kijani kuelekea njano, chachu zaidi, zuri kwa kupikwa na kwa wanaopenda tufaha lenye ukali. Kwa mwenye nafasi ya miti miwili tu, Anna na Dorsett Golden ni jozi ngumu kuishinda. Akipata nafasi ya mti wa tatu ndipo Ein Shemer iingie.

Zipo aina za kati zinazostahili kujaribiwa juu ya mita 2,000 hivi, mahali pa usiku mkavu wenye baridi. Winter Banana, aina ya zamani ya Marekani yenye tunda la njano lililopauka na harufu ya pekee, hudai baridi ya wastani na hutoa chavua nzuri kwa majirani zake. Rome Beauty, iliyoanzia Ohio, huchelewa kuchanua, jambo linaloiokoa na jalidi. Zote mbili ni miongoni mwa aina zilizopelekwa Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, pamoja na Anna na Dorsett Golden, miradi ya mitufaha ilipoanza huko. Pink Lady na Granny Smith huvumilia baridi pungufu kuliko Golden Delicious, lakini muda wao wa kukomaa ni mrefu, na tunda linalokaa mtini miezi sita hupitia kila mvua, kila nzi wa matunda na kila kuzumburu wa kijiji. Red Delicious na wengi wa ukoo wake waachiwe nchi zao. Nchini Kenya pia huuzwa miche ya aina inayoitwa Wambugu, kwa jina la mkulima wa Laikipia aliyeianzisha. Kama ilivyo kwa aina nyingine yoyote, inapasa kuulizwa maswali yaleyale: imezaa wapi, kwa urefu gani, kwa miaka mingapi mfululizo, na ni nani jirani aliye nayo ambaye mti wake unaweza kutazamwa.

Ipo njia ya kupunguza deni la baridi kwa kazi ya mikono, na mwenye bustani ndogo ana nafasi nzuri ya kuitumia kuliko mwenye ekari kumi. Wakulima wa Batu, karibu na Malang katika Java Mashariki, Indonesia, walifanya kilimo kizima cha matufaha juu yake, wakitumia Rome Beauty na aina yao iitwayo Manalagi, mahali ambapo kwa hesabu ya vitabu mti huo usingepaswa kuzaa hata kidogo. Siri iko katika muda. Baada ya mavuno macho ya maua huwa tayari, lakini usingizi mzito haujayashika. Kinachoyazuia ni majani yenyewe na ncha za matawi. Majani yote yakiondolewa wakati huo, wiki chache baada ya kuvuna, macho huchipuka bila kusubiri baridi. Batu majani hung'olewa kwa mkono, tawi baada ya tawi, matawi hufungwa kwa kamba yakalazwa, mti hunyweshwa na kurutubishwa, na baada ya wiki kadhaa maua hutoka yote kwa mpigo. Kwa njia hiyo mti mmoja hutoa mavuno mawili kwa mwaka.

Nyumbani, kazi hiyo kwa mti wa mita tatu ni ya asubuhi moja. Jani hushikwa karibu na kikonyo chake na kuvutwa kuelekea ncha ya tawi, kwa upole, ili jicho lililo kwapani mwake lisivunjike. Akikosea upande, mtu huondoka na jani pamoja na ua la msimu ujao. Tarehe huchaguliwa ili maua yaangukie wakati wa ukavu. Kwa Njombe hiyo ina maana ya kung'oa majani Julai au mwanzoni mwa Agosti, ili maua yatoke kabla ya mvua za Novemba. Anayeachia hadi mti umelala usingizi mzito, au anayeng'oa kabla macho hayajakomaa, atapata majani matupu. Mbinu hii husaidia aina zenye mahitaji madogo na ya kati. Haigeuzi Red Delicious kuwa mti wa Lushoto. Kulaza matawi, hata bila kung'oa majani, nako husaidia: tawi lililofungwa likakaribia kulala huchipua macho mengi ya pembeni na kutengeneza maua mapema kuliko tawi lililosimama wima.

Baada ya baridi huja suala la mwenza. Maua ya mitufaha mingi hukataa chavua ya aina yao wenyewe. Miti kumi ya Anna, kwa kuwa yote ni vipande vya mti mmoja vilivyobebeshwa, huhesabiwa kama mti mmoja, na wingi wake hauongezi uchavushaji. Anna hujichavusha kwa kiasi, lakini ikiwa karibu na Dorsett Golden au Ein Shemer matunda huwa mengi na yenye umbo sawa. Tunda lililopinda upande, likikatwa, mara nyingi hukutwa na vyumba vya mbegu visivyojaa. Wenza lazima wachanue wakati mmoja, na hili ndilo linaloivunja ndoa ya Anna na Rome Beauty, kwani moja huwahi na nyingine huchelewa. Aina zenye seti tatu za kromosomu, kama Jonagold, Mutsu na Bramley's Seedling, hazina chavua ya kufaa na hazistahili kuhesabiwa kama wenza. Katika kiwanja chenye nafasi ya mti mmoja tu, tawi moja la Dorsett Golden likibebeshwa kwenye mti wa Anna humaliza shida nzima. Kazi ya kusafirisha chavua hufanywa na nyuki, kwa hiyo dawa ya wadudu isipuliziwe mti ukiwa na maua, hata jioni.

Jina lililo kwenye lebo ya mche ni nusu tu ya mti. Nusu ya chini, yaani shina mama lenye mizizi, ndiyo inayoamua mti utakuwa mkubwa kiasi gani, utaanza kuzaa lini, na utavumilia udongo wa namna gani. Mashina mengi yanayotumika duniani yalichaguliwa katika kituo cha utafiti cha East Malling, Kent, Uingereza, na ndiyo maana majina yake huanza na herufi M. M.9 hutoa mti mfupi wa mita mbili na nusu hadi tatu unaozaa mapema, lakini mizizi yake ni dhaifu, huhitaji nguzo maisha yote, na hauvumilii ukame. Kwa kiwanja kisicho na bomba la uhakika, ufupi huo hugharimu sana. MM.106 hutoa mti wa mita nne hadi tano na huzaa vizuri. Udhaifu wake ni kuoza shingo ya shina mahali maji yanapotuama. MM.111 hutoa mti mkubwa kidogo kupita huo, huchelewa mwaka mmoja au miwili zaidi kuzaa, lakini huvumilia ukame na udongo mgumu. Kwa miteremko ya nyanda za juu yenye kiangazi cha miezi mitano, MM.111 ndiyo salama kuliko zote, na mti ukizidi kimo, msumeno wa kupogolea upo.

Mashina hayo ya MM yana faida nyingine inayofaa kutajwa. Yalizalishwa kutokana na Northern Spy, aina inayowashinda vidukari wa sufu, wale wadudu wadogo wanaojifunika nyuzi nyeupe kwenye nyufa za gome na kwenye mizizi, wakiacha manundu yanayoziba njia ya maji. Wadudu hawa wapo Afrika Mashariki, na hali ya hewa isiyo na theluji huwaruhusu kuzaliana mwaka mzima. M.9 haina kinga hiyo.

Kwa upande wa magonjwa, mawili yanatosha kuongoza uchaguzi. Kigaga cha tufaha, kinachosababishwa na kuvu Venturia inaequalis, hupenda ubaridi na majani yanayokaa na maji kwa saa nyingi. Huacha madoa ya kahawia yanayogeuka kuwa meusi kwenye jani, na magamba makavu yanayopasuka kwenye tunda. Anna na Dorsett Golden zote hushambuliwa. Wazalishaji wa Marekani na Ulaya wametoa aina zenye kinga, kama Prima, Liberty na Enterprise, wakitumia jeni kutoka mtufaha mwitu wa Asia, lakini nyingi ya hizo hudai baridi ambayo ukanda huu hauna, hivyo kinga yake hubaki karatasini. Ubwiri unga, ugonjwa wa pili, hupenda kinyume chake, mchana mkavu na usiku wa umande, na hufunika machipukizi kwa unga mweupe. Kwa kuwa aina zinazofaa hazina kinga ya kutosha, mahali pa kupanda hubeba mzigo huo: jua la asubuhi linalokausha umande mapema, upepo unaopenya, umbali wa mita tatu au nne kati ya mti na mti, na matawi ya katikati yaliyopunguzwa. Limuru na sehemu za Usambara zenye ukungu wa kila asubuhi zinahitaji uangalifu huu kuliko Makete. Kwa jumla, mwenye kiwanja chenye ukungu ambaye hataki kabisa kupulizia dawa angefanya vyema kupanda plamu na kuuacha mtufaha.

Ladha huja sasa, na huja ikiwa na uhuru kuliko ilivyotarajiwa, kwani ndani ya orodha fupi bado pana nafasi. Anna ikichumwa mapema kidogo ina ukakasi na uchachu; ikiachwa siku kumi zaidi huwa tamu na laini. Tufaha la dukani huchumwa likiwa na wanga mwingi na kuivia ghalani, kwa hiyo tunda la aina ileile likivunwa nyumbani kwa wakati wake huwa na harufu ambayo mnunuzi hajawahi kukutana nayo. Kwa kuwa aina hizi hazihifadhiki, mti mmoja uliokomaa huweza kuwa mwingi kupita kiasi kwa familia katika wiki mbili za mavuno. Ein Shemer inayofuata nyuma kidogo, pamoja na kupunguza matunda yakiwa madogo na kubakisha moja kwa kila kishada, hupanua kipindi hicho na kuuzuia mti usizae kupindukia mwaka mmoja na kukosa mwaka unaofuata.

Mche wenyewe lazima uwe wa kubebeshwa. Mbegu ya tufaha ni mchanganyiko mpya usiofanana na mama yake, na mti wake huweza kuchukua miaka minane au zaidi kabla ya kuonyesha tunda ambalo, mara nyingi, ni dogo na kali. Ni kweli kwamba Granny Smith, Golden Delicious na Dorsett Golden zote ziliota kwa bahati kutokana na mbegu, ila kwa kila moja ya hizo kulikuwa na maelfu yaliyoishia kuwa kuni. Kitaluni, pahali pa kubebesha hujulikana kwa mpindo au uvimbe mdogo kwenye shina, kama shubiri moja juu ya udongo. Mche usio na alama hiyo ni wa mbegu, lebo iseme lolote. Wakati wa kupanda, mpindo huo ubaki juu ya ardhi. Ukifukiwa, kikonyo, yaani kile kipande cha juu kilichobebeshwa, huota mizizi yake na faida yote ya shina mama hupotea. Muuzaji anayejua jina la aina lakini hajui jina la shina mama anauza nusu ya habari.

Vikonyo na miche havipaswi kuletwa kutoka nje ndani ya begi la nguo, hata kama ndugu aliyeko Ulaya amepata aina nzuri bustanini kwake. Bakteria Erwinia amylovora, wanaoyafanya machipukizi ya mtufaha na mpeasi yanyauke na kuwa meusi ndani ya siku chache, husafiri kwa njia hiyohiyo. Kibali hutolewa na mamlaka za afya ya mimea, TPHPA kwa Tanzania na KEPHIS kwa Kenya. Tena aina ya ndugu huyo huenda isifae: bustani ya London au Minneapolis ina tatizo la kinyume, la baridi iliyozidi. Honeycrisp, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991, ilichaguliwa kwa kustahimili majira ya baridi yanayoua miti mingine. Anna ikipandwa huko ingeamka kwenye joto la kwanza la Machi na kuunguzwa na baridi inayorudi.

Uchaguzi uliokosewa una dawa. Mtufaha wenye afya ambao aina yake imeshindwa kuzaa kwa misimu minne au mitano hauhitaji kung'olewa. Matawi makuu hukatwa mwishoni mwa kiangazi, mti ukiwa umetulia, na kubebeshwa vikonyo vya aina iliyoonekana kuzaa kwa jirani, vyenye unene wa penseli na macho matatu au manne kila kimoja. Tawi moja au mawili ya zamani huachwa mwaka wa kwanza yaendelee kulisha mizizi, kisha huondolewa. Kwa kuwa mizizi imekwisha kukomaa, matunda ya aina mpya huanza kuonekana katika mwaka wa pili au wa tatu, mapema kuliko mche mpya uliopandwa siku hiyohiyo.